Taa 58: shajara ya kamati ya mahafali

Zimebaki siku 47

Nimepewa ukatibu wa kamati ya mahafali kwa kosa moja tu: nilichelewa kikao. Waliowahi walikuwa wameshagawana chakula, mapambo, muziki na ulinzi. Kilichobaki mezani kilikuwa daftari la mihtasari na kipengele kimoja kilichoandikwa "taa", na vyote viwili nikakabidhiwa mimi. Basi nafungua shajara hii, ili atakayechelewa mwakani apate pa kuanzia.

Hesabu kwanza. Wahitimu ni 96: uuguzi na ukunga 58, utabibu 23, maabara 15. Wote wa stashahada, ngazi ya 6, yaani miaka mitatu tangu waingie getini na magodoro kichwani. Uwanja ni ule ule wa chini unaoteremka hadi ziwani, maana ukumbi wetu unaingiza watu 200 na kila mhitimu anakuja na ukoo.

Sasa hizo taa. Wauguzi wa chuo chetu huwashiana moto kabla ya kula kiapo. Mwaka jana tulitumia mishumaa. Uwanja wa ziwani, saa tisa alasiri, mishumaa! Mliokuwepo mnakumbuka. Upepo uliizima yote, mshereheshaji akasema "tuchukulie zimewaka", na wanafunzi wakaapa wameinua vijiti vya nta vinavyofuka moshi. Mama mmoja nyuma yangu aliuliza, "Hiyo mishumaa ni ya nini, kuna aliyefariki?"

Zimebaki siku 44

Mhasibu ameleta mfano wa taa ya betri, ya plastiki, ina umbo la mshumaa na kimoto cha njano kinachochezacheza. Bei nafuu, haizimiki, haichomi. Nikawapelekea wanafunzi waione. Kiongozi wao akaigeuza chini juu, akabonyeza kitufe mara mbili, akanirudishia. "Mwalimu, hii ni ya keki."

Nikatoa wazo langu: koroboi. Tuko Mwanza, mji ambao una mtaa mzima unaoitwa Makoroboi, na jina hilo lilitoka kwa mafundi waliokuwa wakikata vyuma na makopo chakavu kutengeneza taa hizo. Kama kuna mahali duniani pa kuwasha koroboi kwenye sherehe, ni hapa. Mwenyekiti alipenda, hasa aliposikia kwamba kopo ni bure.

Zimebaki siku 41

Makoroboi sikupata koroboi. Nimezunguka kuanzia upande wa hekalu la Wahindi, nikauziwa soksi jozi tatu. Muuza soksi ndiye aliyenielekeza kwa fundi bati, uchochoroni, mzee wa miaka sabini na kitu, amezungukwa na majiko ya mkaa na makarai.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Kisukuma changu kinaishia hapo, naye alijua, akahamia Kiswahili kwa upole. Nilimweleza nataka makoroboi 60. Akadhani nafungua duka. Nikamwambia ni ya manesi, akaacha nyundo. "Manesi hawana umeme?"

Alinitengenezea moja papo hapo. Alichukua kopo la maziwa ya unga, akalikata kwa mkasi wa bati, akaviringisha kipande chembamba kwenye msumari wa inchi nne mpaka kikawa kibomba kama mrija, akakipitisha kwenye tundu la mfuniko, kisha akadondosha risasi kutoka kwenye chuma kilichokuwa kimelala juu ya mkaa. Tone moja, akalipuliza. Hakupima chochote. Dakika kumi na moja, nilizihesabu. Utambi aliuchana kwenye shati kuukuu alilokuwa akifutia mikono. Shilingi 1,500.

Nimerudi nalo chuoni kwenye daladala, nimelipakata kama yai.

Zimebaki siku 39

Kikao kimeharibika, na kimeharibika kwa haki.

Tulimwalika Sista anayewasimamia wanafunzi wetu wodini, upande wa watoto. Nikaweka koroboi mezani, nikaanza historia yangu ya Makoroboi. Hakunisubiri nimalize.

"Mwalimu, wiki hii nina watoto wawili wa koroboi. Mmoja amelivuta pamoja na kitambaa cha meza. Mnataka mimi nije nipige makofi mkiwasha 58 kwa mpigo?"

Hakuna aliyejibu. Mimi niliyefundisha kufunga vidonda vya moto kwa miaka minane nilikuwa nimekaa na kitu chenyewe mbele yangu, nakiona kizuri. Kopo ni jepesi, kitako hakina uzito, mfuniko umebanwa tu. Likianguka linamwaga, na mafuta ya taa yakishalowa kwenye nguo, nguo yenyewe inakuwa utambi. Na kuna wauzaji wanaoyachanganya na petroli, hapo koroboi halimwagi tu, linalipuka.

Halafu akauliza, "Watavaa nini?"

"Majoho."

"Ya kitambaa gani?"

Mtu wa mapambo alikuwa na kipande cha sampuli mkobani. Sista akakishika kwa koleo pale nje ya mlango, akakiwekea kiberiti. Hakikuwaka kama khanga inavyowaka. Kilijikunja, kikasinyaa, kikaanza kudondosha matone meusi, na matone yakaendelea kuwaka kwenye sementi. Poliesta. "Hili likigusa ngozi," alisema, "halibanduki peke yake."

Maamuzi ya kikao, kama nilivyoyaandika kwenye mihtasari: mafuta ya taa marufuku. Joho na moto visikutane. Kiapo kinakuwa mwanzo, wauguzi wakiwa na sare zao nyeupe za pamba, mikono mifupi, na majoho yanavaliwa baadaye. Ndoo na bomba la maji viwe hatua kumi kutoka mstari wa mbele, maana kila mwanafunzi wetu anaijua ile kanuni usingizini: maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, si dawa ya meno, si barafu.

Mwenyekiti ameumia kidogo. Alitaka maandamano ya majoho ndiyo yafungue. Tumemwachia achague wimbo.

Zimebaki siku 36

Kama si mafuta ya taa, basi nini? Mafuta ya kula. Kanda hii ni ya pamba, na mafuta ya mbegu za pamba yanapatikana. Mwalimu wa maabara amenieleza kwa nini ni salama zaidi: mvuke wa mafuta ya taa unaweza kushika moto kuanzia nyuzijoto 40 hivi, joto la mchana la Mwanza linakaribia hapo juani. Mafuta ya kula yanataka karibu nyuzi 300. Ukiangusha taa yake, uwezekano mkubwa ni kwamba utambi utazima na utabaki na doa la kufua.

Nikajaza koroboi langu, nikawasha. Kimoto cha ukubwa wa punje ya maharage. Dakika ya tatu kikafa. Nikawasha tena, kikafa tena. Nikavuta utambi, nikaubana, nikaubadilisha kwa pamba ya hospitali. Saa nne usiku mume wangu alinikuta jikoni nanukia maandazi ambayo hayapo.

Zimebaki siku 33

Nimelirudisha kwa fundi. Akachungulia ndani, akanusa, akacheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, umempa ng'ombe nyama."

Alijua tatizo kabla sijafika mwisho wa maelezo. Mafuta ya taa ni mepesi, yanapanda utambi mrefu bila shida. Ya kupikia ni mazito, yanachoka njiani. Moto lazima ukae karibu na uso wa mafuta. Kwa hiyo kibomba kirefu hakifai, na kopo refu halifai. Akapekua gunia lake la makopo, akatoa kopo bapa la samaki, lile la umbo la yai. Akalibana ncha moja kwa koleo mpaka likatoa mdomo kama wa birika, akalaza utambi kwenye mdomo ule, akalifunika nusu kwa bati ili lisimwagike. Ncha nyingine akaweka mkono wa mti wa mpera, maana bati likipata moto halishikiki.

Alipoliweka chini nilinyamaza. Nilikuwa naitazama beji yangu ya uuguzi.

Ile taa ya kwenye beji, yenye mdomo mbele na mkono nyuma, nilidhani miaka yote ni urembo wa mchoraji. Kumbe ni umbo linalolazimishwa na mafuta. Watu wa kale waliwasha mafuta ya zeituni, yakawasumbua vile vile, wakaishia kwenye mdomo mfupi vile vile, na mzee wa uchochoroni Mwanza akafika hapo kwa dakika ishirini na gunia la makopo.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Florence Nightingale mwenyewe, Mwingereza mwasisi wa uuguzi wa kisasa ambaye taa ya kwenye beji inamkumbuka, hakubeba taa ya namna hiyo. Alipokuwa Scutari, Uturuki, kwenye vita vya Crimea, kuanzia Novemba 1854, alizunguka wodini na fanusi ya Kituruki, ile ya kukunjika kama kodiani, moto ukiwa ndani umezungukwa. Picha za baadaye ndizo zilizompa taa ya mdomo. Nikamsimulia fundi, kwa sababu alikuwa amesimamisha kazi kunisikiliza.

Alifikiri. "Huyo mama alijua upepo," akasema. Akachukua bati jembamba, akalikunjakunja kama feni ya karatasi, akalizungusha juu ya taa, akatoboa matundu chini ya hewa kuingilia.

Shilingi 2,500 kwa moja sasa. Taa 60, mbili za akiba: 150,000. Nimemwachia 90,000. Hakutaka kuandikiana. Nimeandika mwenyewe, hapa.

Zimebaki siku 30

Wiki nzima ni maneno ya kiapo.

Miaka yote wanafunzi wanaapa kwa Kiingereza. Wanakijua kwa moyo, wanakitamka vizuri, na wazazi wanasubiri kiishe wapige vigelegele. Mwaka huu nimeomba kiwe Kiswahili. Nilitegemea upinzani wa wakubwa, lakini wakubwa hawakuwa na neno. Wanafunzi ndio walionikalia kooni, si kwa kukataa, kwa kutaka kila neno liwe sawa.

Kwanza niwaambie kiapo kimetoka wapi, maana nusu yao waliamini Florence ndiye alikiandika. Kinaitwa kwa jina lake tu. Kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter. Florence alikuwa hai bado, bibi wa zaidi ya miaka 70. Katika maneno ya mwanzo muuguzi anaahidi kumsaidia daktari katika kazi yake kwa utii wa moyo. Nikaitafsiri hivyo hivyo, nikaisoma darasani.

"Na daktari anaahidi kunisaidia mimi wapi?" aliuliza msichana wa mstari wa tatu.

Mkufunzi wa utabibu alikuwa amesimama mlangoni kwa bahati mbaya. "Mbona hiyo sentensi nzuri tu," akasema, na ikabidi aondoke. Tumekubaliana: "nitashirikiana kwa uaminifu na wenzangu wote wa afya."

Neno la pili lilikuwa "siri". Nilikuwa nimeandika "nitatunza siri za mgonjwa". Mwanafunzi mmoja wa Misungwi, mkimya, mwenye maksi za kawaida, akasema kwao ukimwambia mama una siri yake anaanza kujiuliza amekosa nini. Akapendekeza, akitazama dawati: "Nitakayoyaona na kuyasikia kwa mgonjwa yataishia kwangu." Nimekuwa nikifundisha maadili ya uuguzi tangu nianze kazi na sijawahi kuiandika sura hiyo yote kwa mstari mmoja. Imeingia kama ilivyo, sikuweka hata koma.

La tatu ni dogo. Wapo wanne ambao imani yao hairuhusu kuapa. Watasema "naahidi" pale wengine watakaposema "naapa". Herufi zinakaribiana, hakuna atakayesikia tofauti isipokuwa wao, nao ndio wanaohusika.

Nimeongeza pia sentensi kwenye risala, kwa ajili ya wazazi, kwamba kiapo si leseni. Baada ya mahafali bado kuna mtihani na usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, ndipo mtu aguse mgonjwa kwa jina lake mwenyewe. Ninaiweka kwa sababu kuna baba amekwisha kutangaza kijijini kwamba binti anaanza kazi Jumatatu inayofuata, na watu wameshaanza kuahirisha magonjwa.

Zimebaki siku 26

Maturubai yamelipiwa nusu. Pilau na sato wa kukaanga, ugali kwa wanaotaka, soda. Majoho yamehesabiwa. Wageni wa Sengerema safari hii hawana wasiwasi wa foleni ya kivuko: tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 zile ni dakika chache tu. Wa Ukerewe bado ni meli ya Nansio, kwa hiyo watalala. Mabweni mawili yamesafishwa.

Zimebaki siku 22

Leo amekuja mzazi kumalizia ada, mvuvi wa dagaa wa Igombe. Baada ya risiti akaomba kuona uwanja ambapo mwanawe atasimama. Nikamteremsha, nikamwonyesha maturubai yatakapokaa, nikamweleza mambo ya taa.

Alitazama ziwa, si uwanja. "Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Saa tisa upepo unatoka ziwani unaingia hapa. Hata karabai inakusumbua."

Alinieleza kitu ambacho nimeishi nacho bila kukitazama. Mchana jua linapasha nchi kavu haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, ya ziwani inakuja kuziba pengo. Ndiyo maana alasiri yetu ina upepo. Jua likikaribia kuzama unalegea, na kuna kipindi cha utulivu kabla upepo wa usiku haujageuka kutoka nchi kavu. Wavuvi wanakijua kipindi hicho kama sisi tunavyojua saa ya kubadilishana zamu. Kwa mwezi huu jua linazama baada ya saa kumi na mbili na nusu. Weka kiapo saa kumi na mbili na robo, akasema.

Nikafurahi mapema mno.

"Lakini hiyo tarehe ni giza."

Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku usio na mwezi, ndipo taa zao zinapovuta samaki. Kwenye mbalamwezi wanapumzika na kushona nyavu. Na hao vijidudu vya ziwani, wale wanaopanda majini kama moshi, nao hutoka kwa wingi mwezi ukiwa haupo, na wanakimbilia mwanga. Tukiwasha taa kubwa za uwanja saa kumi na mbili na nusu, tutakula pilau nyeusi.

Tarehe haibadiliki, mgeni rasmi ameshathibitisha. Mzee akatoa suluhisho kama mtu anayetoa chenji: yeye ataleta mtumbwi, atautia nanga mbele ya uwanja, mbali kidogo, awashe taa zake zote za dagaa. Wadudu wamfuate yeye. Sisi tuzime zetu mpaka kiapo kiishe.

"Utamtazama mwanao kutoka majini?" nilimuuliza.

"Mwanangu ni mrefu," akajibu.

Zimebaki siku 15

Malalamiko rasmi, kwa barua, kutoka maabara na utabibu: na sisi je? Wauguzi wana taa, wana kiapo, wana mtumbwi. Wenzao 38 wana viti.

Wana hoja. Mtu wa maabara hana sherehe popote. Yeye ndiye anayekaa na hadubini anahesabu vimelea vya malaria, yeye ndiye anayepata mayai ya kichocho kwenye mkojo wa mtoto aliyeoga bwawani, na mgonjwa hamjui hata sura. Mmoja wao aliniambia: "Mwalimu, sisi tutainua nini, kopo la mkojo?" Darasa likavunjika mbavu, naye hakucheka.

Tulichofanya: watabibu na maabara watasimama pande mbili za mstari, na sentensi ile ya kushirikiana wataisema wote 96. Halafu yule wa Misungwi akauliza kwa nini ile ya "yataishia kwangu" isisemwe na wote pia, kwani majibu ya maabara si ya mgonjwa? Basi zimekuwa mbili.

Zimebaki siku 9

Kitabu cha mahafali kimetoka kwa mchapaji na kila jina lenye Ng' limepoteza king'ong'o chake. Kanda ya Ziwa! Kurasa mbili nzima za watu walionyang'anywa majina. Nimehesabu 19. Mchapaji anasema mashine haina alama hiyo, na kwenye bango lake la mlangoni ameandika "ng'ara" kwa herufi za futi moja. Tumegawana kalamu nyeusi, wakufunzi wanne, nakala 400. Mkono unaniuma ninavyoandika haya.

Zimebaki siku 4

Mazoezi ya mwisho, saa kumi na mbili na robo kamili. Upepo ulilegea kama tulivyoahidiwa. Taa 58 ziliwaka, moto ukipita mkono kwa mkono kuanzia kwa Sista, aliyekubali kuwa wa kwanza baada ya kuinamisha taa tatu juu ya beseni kuona zitafanyaje. Moja ilizima. Mbili zilimwaga kidogo na kuendelea. Alipangusa vidole kwenye leso, akasema, "Haya."

Namba 31 inavuja kwenye mshono. Imerudi kwa fundi, na akiba moja imeingia mahali pake.

Siku yenyewe

Naandika saa sita usiku, viatu nimevua.

Asubuhi manyunyu, yakakatika saa nne. Meli ilifika. Mgeni rasmi alichelewa saa moja na robo, ambayo kwa kweli ilitufaa. Kwaya iliimba nyimbo tatu za akiba. Saa kumi na mbili maturubai yakaacha kupiga makofi. Kule majini mzee akawasha taa zake, na ndani ya dakika kumi ukaona juu ya mtumbwi kitu kama moshi kinasimama. Watu wa mstari wa mbele walikuwa wanaulizana kama kuna kinachoungua.

Sista akawasha ya kwanza. Moto ukaanza kutembea. Niliwahi kuona mishumaa mingi, lakini taa hizi haziwaki kama mshumaa: mwanga unatokea kwenye mikunjo ya bati, unapanda kwenye kidevu cha mtu, macho yanabaki gizani. Sare zilikuwa za rangi ya ubwabwa. Zikafika 40, zikafika 50. Mshereheshaji, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na la kusema.

Hapo umeme ukakatika. Hatukuuhitaji, isipokuwa kipaza sauti. Wanafunzi wakaanza kiapo kwa sauti zao. Na kijana wa jenereta, mtu makini, ambaye niliwaambia watu wote mambo ya taa kubwa isipokuwa yeye, akaliwasha. Taa za uwanja zikafyatuka zote kwa pamoja.

Wadudu wakamwacha mzee.

Sijui niwaelezeje ambao hawajakaa ziwani. Hawaumi. Ni laini, ni wengi, wanaingia kwenye pua, kwenye kope, kwenye risala. Wenyeji wa ziwani wengine huwakusanya wakawala, na nadhani jioni ile wahitimu wote walionja. Lakini hakuna aliyeacha mstari. Walishusha nyuso, wakabana midomo, wakaendelea kutamka kwa meno. Watu husema kula kiapo. Hawa walikila na kitoweo chake. Nilimsikia yule wa Misungwi, yuko karibu nami, akisema "yataishia kwangu" halafu akatema pembeni kwa adabu.

Nilikimbia kwenye jenereta na viatu mkononi. Taa kubwa zilipozimika, za bati zilikuwa bado zinawaka. Nilihesabu 53.

Maneno mengine yote yalipita salama. Majoho yalivaliwa, majina yakasomwa na king'ong'o chake, vigelegele, mataji ya pipi, pilau. Fundi alikuja. Hakukaa kwenye viti, alisimama karibu na uzio na kofia mkononi. Nilipomfuata kumpa 60,000 yake alikuwa hatazami meza kuu, anatazama vibati. "Ule wa tatu kutoka kulia," aliniambia, "niliukunja vibaya."

Baada ya siku 5

Kufunga hesabu. Maturubai yamerudishwa, moja lina doa la mafuta ya pamba, tumelipia kufua. Hakuna aliyeungua. Ndoo haikuguswa, ila watoto waliinywea maji.

Taa zilizotengenezwa 60. Zilizorudi stoo 57. Moja ameibakiza Sista, amenitumia ujumbe kwamba ni ya kufundishia. Moja ni ile namba 31, fundi amekataa kuirudisha, anasema anaitazama alikosea wapi. Ya tatu sikuwa na habari zake mpaka leo asubuhi, aliponipigia mhitimu mmoja kutoka Ukerewe kuomba radhi. Alimpelekea bibi yake. Bibi ameiwasha siku tatu mfululizo, anasema haimwashi macho kama koroboi lake, ila inamtia njaa kwa sababu nyumba nzima inanukia maandazi.

Ameuliza kama kuna nyingine, ya jirani.